Programu yasema volti 236, mita yangu yasoma 196. Volti 40 zimekwenda wapi?

#1 Mwana_Mshomoroni (Jumatatu, saa 4:40 usiku)

Salaam wadau.

Mamangu ana friza tatu, huuza barafu na samaki hapa Mshomoroni, Mombasa. Mwaka huu kompresa mbili zimeungua, zote kati ya saa 1 na saa 4 usiku. Ile ya pili ilipokwenda nikachukua mita, nikawa napima kwenye soketi kila baada ya robo saa. Mchana napata volti 232 hivi. Ikifika saa 2 usiku zashuka hadi 196. Usiku mmoja niliona 191.

Nasomea uhandisi wa umeme, mwaka wa 3, basi nikaona badala ya kulalamika nipige hesabu. Nilishusha OpenDSS, programu ya bure ya kuiga laini za umeme, nikatembea na laini kutoka kwenye transfoma hadi kwetu: milingoti 12, mita 480 kwa GPS ya simu. Kibao cha transfoma chasema 200 kVA, 11/0.433 kV, impedansi asilimia 4. Waya ni ule wa kusokotwa wa alumini, milimita mraba 50, rezistansi omu 0.641 kwa kilomita. Nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, nimeipa unene uo huo. Nilihesabu nyumba 90, kila moja nikaipa ampea 2 za usiku, zimesambaa sawasawa kutoka mwanzo wa laini hadi mwisho. Nikachukulia kuwa transfoma yatoa volti 245.

Programu yaniambia nyumbani nitapata 236. Mita yasema 196. Nimerudia hesabu kwa kalamu nikapata 236 ile ile. Nani aniambie hizo 40 zimeliwa wapi?

#2 Kijana_wa_Tudor

Hiyo ni programu, kaka. OpenDSS ni kitu cha 2008, Wamarekani waliitengenezea laini zao za 60 Hz na volti 120. Huku kwetu ni 50 Hz na 240. Tafuta PowerFactory ya DIgSILENT, ya Wajerumani. Hiyo ndiyo wanayotumia wakubwa.

#3 Bi_Mhandisi

Kijana wa Tudor, turekebishe kidogo. 2008 ni mwaka ambao EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, iliifungulia dunia msimbo wake. Programu yenyewe ilianza 1997 pale kampuni ya Electrotek Concepts, mikononi mwa Roger Dugan na Tom McDermott, na EPRI wakaichukua 2004. Ni kweli masafa yake ya awali ni 60 Hz, lakini mstari mmoja watosha: Set DefaultBaseFrequency=50. Na hata ukiusahau, waya wa kusokotwa una riaktansi (ukinzani unaofuata masafa) ndogo sana mbele ya rezistansi yake. Kosa la masafa haliwezi kula volti 40.

PowerFactory ni programu nzuri na nimeifanyia kazi miaka mingi, ingawa leseni yake si bei ya mwanafunzi. Lakini ukiipa namba hizi hizi, itakupa 236 hii hii. Sheria za Kirchhoff ni zile zile Ujerumani na Marekani.

Mwana Mshomoroni, swali langu ni hili: ampea 180 umezigawa 60, 60, 60 kwa fezi tatu, yaani zile nyaya tatu zenye umeme. Nani alikwambia ziko hivyo?

#4 Mwana_Mshomoroni

Hakuna aliyeniambia, dada. Nilichukulia tu.

#5 MzeeWaMilingoti

Mwanangu, hapo ndipo ulipoteleza. Nimepanda milingoti miaka 31, kutoka Likoni hadi Mtwapa, na mtaa ambao fezi zake zimelingana sijauona bado. Hizo nyaya za kusokotwa zina mistari iliyoinuka juu ya plastiki: fezi ya kwanza mstari mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu. Fundi aunganisha nyumba magharibi, tochi mdomoni, mvua yaja. Unadhani atahesabu mistari? Atashika waya ulio karibu na mkono wake. Na ulio karibu na mkono wake leo ndio uliokuwa karibu jana. Baada ya miaka kumi fezi moja imebeba mtaa mzima na nyingine mbili zapunga upepo.

#6 Mla_Viazi_Karai

Mzee hii umeieleza hadi nimeiona. Naketi hapa nisome.

#7 Bi_Mhandisi

Mzee asante. Ngoja niitie namba hoja yako ili kijana aone ukubwa wake.

Jumla ni ampea 180 vile vile, lakini tuseme fezi A ina 110, na B na C zina 35 kila moja. Mzigo ukisambaa sawasawa kwenye laini, ni kama wote umewekwa nusu ya njia, yaani mita 240. Rezistansi ya mita 240 ni omu 0.154. Kwenye fezi A waya wala 110 × 0.154, karibu volti 17. Kisha nyutro. Fezi zikilingana nyutro haibebi kitu. Zikiwa 110, 35, 35, nyutro yabeba ampea 75, nayo yala volti 11.5 nyingine. Jumla volti 28.5. Kutoka 245 unabaki na 216, badala ya 236. Nyumba ni zile zile, ampea ni zile zile. Volti 20 zimepatikana bila kuongeza taa hata moja.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mpaka walione kwenye skrini: yule jirani wa fezi B, mwisho wa laini hiyo hiyo, atasoma 245. Nyutro iliyovutwa na fezi A humwinua yeye kiasi kile kile ambacho waya wake wapoteza.

#8 Nyoka_wa_Kodi

Nimejaribu namba za #1 kwa pandapower, programu nyingine ya aina hii, muda huu. Nimepata 236 pia. Kwa hivyo programu mbili zakubaliana, labda mita ndiyo mbovu?

#9 Bi_Mhandisi

Nyoka, amri ya runpp ya pandapower huchukulia fezi zote tatu ni sawa, ndiyo maana imekubaliana na kosa lile lile. Watengenezaji wake, Chuo Kikuu cha Kassel na taasisi ya Fraunhofer, wameweka runpp_3ph kwa ajili ya mizigo isiyolingana. Tumia hiyo. Lakini kama wataka kuiona nyutro yenyewe kama waya wa nne, na volti zake kila mlingoti, OpenDSS yakuachia uiandike wazi.

#10 Nyoka_wa_Kodi

Sawa dada, nimeelewa. Narudi.

#11 Shangazi_Bamburi

Samahanini wanangu, mimi hesabu siziwezi lakini nina vyumba sita vya wageni na AC zafanya vivyo hivyo usiku. Nikinunua stabilaiza tatizo litaisha?

#12 FundiBaridi

Shangazi, kwako litaisha, kwa jirani litaongezeka. Stabilaiza huinua volti kwa kuvuta ampea nyingi zaidi kutoka kwenye laini. Mtaa mzima ukinunua, laini yazidi kushuka na stabilaiza zote zazidi kuvuta. Nimeuona mtaa mmoja Kisauni umefika hapo.

Kwa mwenye uzi, pole kwa kompresa. Nguvu ya kuzungusha mota hufuata mraba wa volti. 196 ukiigawa kwa 240, halafu uizidishe kwa yenyewe, wapata 0.67. Kompresa yataka kuanza ikiwa na theluthi mbili tu ya nguvu yake. Haizunguki, yaguruma, yavuta ampea nyingi mno, waya wa ndani wachemka. Kabla ya programu yoyote, mwekee mama kifaa cha kukata volti zikishuka, kile chenye kuchelewa dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha. Hata barafu ikiyeyuka usiku mmoja, kompresa itabaki. Hilo ulifanye kesho.

#13 Mwana_Mshomoroni

Nimelichukua hilo, kaka. Kesho naenda Mwembe Tayari kukitafuta.

#14 NahodhaMvita

Mwasahau jambo moja. "Nyumba 90, kila moja ampea 2." Nyumba gani ya Mshomoroni yatumia ampea 2 saa mbili usiku? Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, wapangaji sita, mita moja. Kila chumba kina feni na runinga, na nusu yao wapikia koili. Koili moja ya kilowati 1 ni ampea 4 peke yake. Na hapo hatujataja waliojiunganishia bila mita, ambao hukuwahesabu kwa sababu waya wao hupita nyuma ya choo. Mimi nasema kanuni ya fezi ni nzuri, lakini mzigo wenyewe ni mara mbili ya ulioandika.

#15 Kijana_wa_Tudor

Na mimi narudi na hoja nyingine. Huenda tatizo haliko mtaani kabisa. Laini za kutoka Nairobi huingia Rabai, zashushwa hadi 33 na 11 kV, kisha zatembea hadi Kisauni. Saa mbili usiku pwani nzima imewasha AC. 11 kV ikifika kwako ikiwa 10.3, transfoma haiwezi kukupa 245. Hapo programu yoyote itakudanganya, hata ya Wajerumani.

#16 Bi_Mhandisi

Leo Kijana wa Tudor amesema la maana.

Hoja za #14 na #15 zote zawezekana, na zote zapimika kwa jaribio moja. Mwana Mshomoroni, tafuta nyumba karibu na yenu iliyo kwenye fezi nyingine. Pimeni dakika ile ile. Kama 11 kV ndiyo iliyoshuka, au mzigo ni mkubwa kila mahali, nyumba zote mbili zitakuwa chini. Kama ni fezi kutolingana, moja itakuwa chini na nyingine juu.

Na tafadhali usivute waya kutoka nyumba moja hadi nyingine kutafuta fezi. Kati ya fezi mbili kuna volti 415. Kila mmoja apime kwenye soketi yake, mzungumze kwa simu.

#17 Mwana_Mshomoroni (Jumatano, saa 3:05 usiku)

Nimepima. Rafiki yangu ng'ambo ya barabara yuko fezi nyingine. Najua kwa sababu mwezi uliopita fyuzi moja ya transfoma ilikatika, sisi tukawa gizani na wao wakawa watazama mpira.

Saa 2:15 usiku: kwetu 197, kwao 238.
Saa 2:30: kwetu 195, kwao 238.
Saa 2:45: kwetu 196, kwao 239.

Mita zetu mbili tulizilinganisha mchana kwenye soketi moja, zapishana volti 1.

Nilipoiona 238 nilikaa kimya. Miaka yote mama amekuwa akiambiwa stima ya Mshomoroni ni hafifu. Si hafifu! Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini, ni nzima.

#18 MzeeWaMilingoti

Nilisema.

#19 Mla_Viazi_Karai

Mzee alisema.

#20 Bi_Mhandisi

Tusikimbie. Hesabu yangu ya #7 ilisema jirani atasoma 245, yeye kasoma 238. Hizo 7 zinazopungua zamwendea Kijana wa Tudor: huenda volti za transfoma usiku ni 238 na si 245. Basi kwako tunatarajia 238 kutoa 28.5, yaani 209 au 210. Wewe wasoma 196. Bado volti 13 hazina mwenyewe.

#21 MzeeWaMilingoti

Hizo 13 nazijua ziliko. Ziko kwenye viungo.

Hapa ni pwani. Upepo wa kusi waleta chumvi, wa kaskazi waleta chumvi, na chumvi haina mjomba. Fundi aungapo shaba ya nyumba na alumini ya laini bila kile kiungo cha metali mbili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, unyevu wa chumvi ukiingia kati yao, alumini yaliwa. Ukikifungua baada ya miaka miwili wakuta unga mweupe kama wa muhogo. Unga huo haupitishi stima vizuri. Nimevifungua vingi Bamburi na Shanzu, vingine plastiki imeyeyuka ikaganda upya, na mwenye nyumba kazi yake kulalamika taa zapepesa. Usiku wenye umande simama chini ya mlingoti utazame juu. Ukiona cheche ya rangi ya buluu au ukisikia mlio kama wa mafuta kwenye karai, umekipata.

Programu yenu haijui kiungo. Yajua waya mzima mpya kutoka kiwandani.

#22 Nyoka_wa_Kodi

Mzee kwa heshima zote, nimepiga hesabu ya kiungo na inanitatiza. Volti 13 zikipotea kwenye kiungo kimoja kinachopitisha ampea 30, huo ni moto wa wati 390. Ni kama pasi iliyo nusu moto imening'inizwa hewani usiku kucha. Kisingedumu wiki, kingeungua.

#23 MzeeWaMilingoti

Nani alisema kimoja? Viungo vitano, kila kimoja chala volti mbili na nusu. Hapo kila kimoja ni wati 75 hivi, kama balbu zile za zamani, na upepo wa bahari wavipoza. Chaweza kukaa hivyo miaka. Mwanangu, wewe hesabu yako ni sahihi ila umeipandisha mlingoti mmoja tu.

#24 Nyoka_wa_Kodi

Hiyo nimeikubali, mzee wangu.

Na nimerudi na runpp_3ph kama nilivyoagizwa. Kwa 110/35/35 na 238 pale mwanzo, napata 211 kwetu. Karibu sana na kalamu ya dada.

#25 Mwana_Mshomoroni

Mimi nimeiandika upya OpenDSS na nyutro kama waya wa nne, fezi 110/35/35. Napata 212. Nilitarajia mizigo ikiwa ya AC na friza programu ishuke zaidi ya kalamu, kwa sababu vitu hivyo volti zikishuka huvuta ampea zaidi. Mbona haishuki?

#26 Bi_Mhandisi

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na limewanasa watu wazima wenye shahada.

Mzigo wa OpenDSS una kitu kiitwacho Vminpu. Usipokigusa ni 0.95. Maana yake: volti zikiwa juu ya asilimia 95 ya 240, yaani 228, programu yauweka mzigo kama ulivyouagiza, nguvu isiyobadilika. Zikishuka chini ya 228, yaugeuza kimyakimya kuwa kama koili: volti zikipungua, ampea zapungua nazo. Walifanya hivyo ili hesabu isishindwe kufika mwisho. Lakini nyumba za mwisho wa laini yako ziko 200 na kitu, kwa hivyo programu imekuwa ikiwapunguzia ampea pale hasa wanapozivuta. Andika Vminpu=0.75 kwenye kila mzigo wa AC na friza, uache feni na taa.

#27 Mwana_Mshomoroni

Nimeandika. Imeshuka hadi 207. Wallahi wiki mbili nimekuwa nikiiamini programu ambayo ilikuwa yanibadilishia mzigo na mimi sijui.

#28 Kijana_wa_Tudor

Basi tumia GridLAB-D, ile ya EPRI, hiyo ina AC ndani yake.

#29 Bi_Mhandisi

GridLAB-D si ya EPRI, ni ya maabara ya PNNL, chini ya wizara ya nishati ya Marekani. Lakini kwenye AC una haki: yaiga nyumba yenyewe, joto la nje, AC kuwaka na kuzima, na kwa mtu wa Mombasa hilo lina thamani. Shida ni kwamba yataka ujue kuta za nyumba na ukubwa wa chumba, na nyumba zake za mfano ni za Marekani. Nyumba ya mabati yenye tundu juu ya ukuta utaiandika mwenyewe.

Wanaotaka kuanza, msianze na MATPOWER, ingawa ni ya bure pia. Hiyo ilitengenezwa kwa gridi kubwa, na fezi tatu huiona kama moja.

#30 Nyoka_wa_Kodi

Naongeza: kuna mtandao wa majaribio wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, uitwao European Low Voltage Test Feeder. Ni 50 Hz, transfoma ya 11/0.416 kV, mizigo 55 ya fezi moja moja, kila dakika ya siku nzima, na majibu yake yamechapishwa. Tofauti na ile maarufu ya basi (yaani vituo vya kuungania) 13 ambayo ni ya 4.16 kV na 60 Hz, huu wafanana na mitaa yetu. Mtu autie kwenye programu yake kwanza. Jibu likilingana, ndipo aje kwenye mtaa wake.

#31 Shangazi_Bamburi

Je, wakiongeza volti kule kwenye transfoma si sote tutafaidika?

#32 MzeeWaMilingoti

Bi shangazi, transfoma ina tepu za kupandisha na kushusha, kwa kawaida asilimia 2.5 kila hatua, na hubadilishwa ikiwa imezimwa. Hatua moja ni volti 6. Mama wa huyu kijana atatoka 196 hadi 202, bado kompresa yaguruma. Na yule wa ng'ambo, alfajiri mtaa umelala, atapanda hadi 250 na ushei, taa zake zianze kufa. Dawa ni kuhamisha nyumba kutoka fezi iliyojaa, ishirini hivi. Kazi ya siku moja kwa watu wanne wenye ngazi.

#33 NahodhaMvita

Bado nasubiri jibu la koili zangu na waliojiunganishia. Hao wote wakiwa fezi A, na mwisho wa laini, si ndizo volti 13?

#34 Bi_Mhandisi

Zaweza kuwa, Nahodha. Na joto nalo lisisahauliwe: 0.641 ni rezistansi kwenye nyuzi 20. Waya uliojaa mzigo ukifika nyuzi 60, rezistansi yapanda asilimia 16. Kwenye volti 28 hizo ni 4 na nusu. Ila saa mbili usiku jua limezama na upepo upo, sidhani wafika 60.

Njia ya kuwatenganisha Mzee na Nahodha: pima katikati ya laini. Mzigo uliosambaa hula robo tatu ya volti zake katika nusu ya kwanza ya njia. Viungo vibovu vya mwishoni vitaonekana nusu ya pili tu, lakini mzigo uliorundikana mwishoni utakula volti sawasawa kwenye nusu zote mbili.

#35 Mwana_Mshomoroni (Jumamosi, saa 4:10 usiku)

Kuna duka chini ya mlingoti wa 6, mwenyewe ni mtu wa kwetu, yuko fezi yetu. Leo saa 2:20 usiku: dukani 214, nyumbani 196, ng'ambo 238.

#36 Bi_Mhandisi

Kutoka 238, hesabu ya fezi kutolingana ilitaka 216 au 217 pale dukani. Umepata 214, sawa kabisa kwa kazi ya miguu na simu. Lakini kutoka dukani hadi kwenu ilitakiwa zipotee 7, zimepotea 18. Kisa kiko kati ya mlingoti wa 6 na wa 12.

#37 MzeeWaMilingoti

Viungo.

#38 NahodhaMvita

Mzigo wa mwishoni. Kwani huko mwisho hakuna jengo jipya?

#39 Mwana_Mshomoroni

Lipo, ghorofa tatu, mlingoti wa 11. Wana pampu ya kupandisha maji kwenye tangi.

#40 NahodhaMvita

Haya sasa.

#41 Nyoka_wa_Kodi

Nimelijaribu. Ampea 20 mwishoni kwenye fezi moja, kwenda na kurudi na nyutro, zala volti 12 pale nyumbani. Ila zingeivuta na duka chini kwa 6: angesoma 210 au 211. Kasoma 214. Na viungo peke yake vingemwachia 216 au 217. 214 imekaa katikati, haimpi haki Nahodha wala Mzee.

#42 FundiBaridi

Pampu za maji wakati wa kuanza huvuta mara tano sita. Mita ya kawaida haiwahi kuiona. Kompresa yaiona.

#43 Mla_Viazi_Karai

Nilidhani huu uzi utaisha kwenye #18. Kijana, kile kifaa cha friza ulikipata?

#44 Mwana_Mshomoroni

Nilikipata, nimekiweka kwenye friza zote tatu. Jana kilikata mara nne kati ya saa 1 na saa 3, mama akakasirika akidhani nimeharibu. Nikamwonyesha mita.

Kesho nazungumza na mlinzi wa ghorofa anipigie simu kila pampu inapowashwa. Mimi nitakuwa na mita mkononi, na rafiki yangu atakaa dukani na yake.

#45 MzeeWaMilingoti

Mimi niko Kongowea, si mbali. Alhamisi baada ya isha nitakuja, tutembee kutoka wa 6 hadi wa 12, tutazame juu. Usipande. Uje na mtu mwenye masikio mazuri, yangu siku hizi hayasikii mlio wa mbali.

#46 Shangazi_Bamburi

Mkimaliza Mshomoroni, mpite na kwangu. Chai iko.